Mmoja Anatosha, Dunia Ina Joto

Jumatatu, 3 Machi

Joto gani hili! Watu wanayeyuka, sisi mafundi wa viyoyozi tunanenepa. Simu ya karakana haijanyamaza tangu asubuhi. Bosi anapokea, anaahidi kila mtu "leo leo", halafu anatugeukia mimi na mwenzangu Mrefu kana kwamba tunaweza kukatwa vipande tugawiwe mitaa yote.

Mimi nimeangukia ofisi za shirika moja, ghorofa ya pili. Kiyoyozi kinadondosha maji juu ya meza ya mkubwa wao. Kazi ndogo — bomba la kutolea maji limeziba, limejaa utelezi. Niko juu ya ngazi, bomba mdomoni, napuliza mpaka macho yananitoka. Chini yangu wafanyakazi wawili wanabishana. Mmoja anasema watu wanazaa mno, ndiyo maana dunia inachemka. Mwenzake anasema wapi, wanaochemsha ni wenye viwanda, wazazi wanasingiziwa tu. Basi yule wa kwanza akainua uso: fundi, wewe una wangapi?

Nikamjibu kama ninavyowajibu wote. Mmoja! Mmoja anatosha, dunia ina joto!

Jibu hilo ninalo miaka. Linakaa mfukoni pamoja na bisibisi. Mtu akiuliza mbona hamumpi mtoto mwenzake, namtupia hilo, anacheka, yanaisha. Bila hilo ningelazimika kueleza mambo ambayo sitaki kuyaeleza, si juu ya ngazi wala chini yake.

Lakini huyu dada aliyeniuliza hakucheka. Alivua miwani, akaniomba nirudie. Akaandika! Akachukua na namba yangu ya simu. Nilidhani ni ya kuniitia kazi nyingine.

Jumanne, 4 Machi

Makubwa! Amepiga. Nimeshambatiza Dada Mradi, maana hana sentensi isiyo na mradi ndani. Wanaandaa mdahalo, Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, ukumbi wa mtaa. Hoja: familia ndogo ndiyo dawa ya joto la dunia. Upande wa kutetea hawataki mtaalamu wa kusinzisha watu. Wanataka mtu wa kawaida. Wanataka mimi! Mimi, ambaye kipaza sauti nimekishika kwa kukisogeza tu nipate pa kusimamisha ngazi!

Nilikubali kabla hajamaliza kuongea. Mrefu akaniuliza nimeokota nini, nacheka peke yangu kwenye gari la kazi.

Jioni nikamwambia mume wangu. Yeye ni kinyozi, na nadhani ndiye kinyozi pekee duniani asiyependa maneno. Wateja wanamjia kupumzisha masikio. Alikuwa anasafisha mashine zake mezani. Akasikiliza yote mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja: kwa hiyo utawaambia tulichagua?

Nikajifanya nimesikia kitu kinaungua jikoni.

Haya. Hapa naandika peke yangu, simwogopi mtu. Hatukuchagua. Binti yetu alikuja bila shida, na alipoanza kukimbia vizuri tukataka mwingine. Wa kwanza kuondoka aliondoka mapema, hata hatukuwa tumemzoea. Wa pili alikaa mpaka tukatangaza, mpaka kitanda kidogo kikanunuliwa. Akatoka wiki ile niliyokuwa nafunga viyoyozi vya jengo jipya, kutwa nzima niko ngazini. Daktari alisema ngazi haihusiki. Niliitikia, lakini sikumwamini, na hadi leo simwamini. Kilichofuata ndicho kilichoniumiza zaidi: kuwapitia watu mmoja mmoja, kuwaambia kwamba yale tuliyowaambia hayapo tena. Halafu miaka ikapita mitupu. Ndipo nikatunga lile jibu.

Na bado nataka kwenda kwenye huo mdahalo! Nataka mno! Sijui ni wazimu gani huu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepita kinyozini kumpelekea baba watoto chakula — "watoto"! Mkono umeandika wenyewe — nikakuta bunge limekaa. Mteja mwenye nusu ya kichwa iliyonyolewa anasema kila nyumba ikizaa wawili tu, mvua zitarudi kwa wakati wake. Fundi viatu wa jirani anasema akizaa wawili na wote wakahamia mbali, nani atamzika? Mwingine akadakia kwamba jirani yake ana mtoto mmoja na magari matatu, je, hapo dunia imepoa? Wakapandishiana sauti. Wakamgeukia mume wangu: mkeo ndiye msemaji, wewe maoni yako ni yapi?

Akasema: "Inama kidogo."

Nimecheka mpaka nikarudi na chakula chake mkononi!

Nyumbani, Kasuku anaruka kamba. Ndilo jina tunalomwita binti yetu tangu alipoanza kuongea, na sasa ana miaka tisa bila kupumzika. Ameligeuza jibu langu kuwa wimbo. Mmoja — anatosha! Dunia — ina joto! Ghafla akasimama, kamba ikamwangukia miguuni. Mama, kwa hiyo mimi ninaongeza joto?

Nikamwambia hapana, wewe unaongeza kelele. Akaridhika, akaendelea kuruka. Mimi sikuridhika.

Jumapili, 9 Machi

Vita! Vita kamili!

Tulikuwa kwa mama mkwe kama kila Jumapili, ukoo mzima umebanana sebuleni. Mama mkwe amezaa wanane, wote wako hai, na anapenda wote wawepo mbele ya macho yake hata kama viti havitoshi. Kasuku akaruka kamba yake pale uani. Akaimba wimbo wake. Mama mkwe akauliza huo wimbo umetoka wapi. Kasuku naye, jina limemkaa, akamwaga yote: mdahalo, ukumbi, fulana zitakazochapishwa maneno ya mama!

Hata feni mbovu ya dari ikaacha kulia.

Mama mkwe hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alisema miaka yote hii alinihurumia. Alijua nimeogopa baada ya yule aliyetoka, na mwanamke akiogopa anaachwa apumzike. "Kumbe hukuogopa," akasema. "Kumbe ni mambo ya hewa! Mjukuu wangu anakaa peke yake, hana wa kugombana naye, kwa sababu ya hewa!"

Nikaona mume wangu anafungua mdomo. Yeye! Nikamkanyaga mguu chini ya meza kwa nguvu. Akaufunga.

Ningesema nini? Mama, hatukuzuia kitu, tumejaribu miaka sita na kila mwezi nalia bafuni huku maji yanatiririka? Mbele ya mashemeji na mawifi wote wale? Nikanywa chai yangu.

Halafu akatoa uamuzi. Huo mdahalo una upande wa kupinga? Una msemaji? Basi hata kama unaye, huyo msemaji atafute kazi nyingine. Na kweli amempigia Dada Mradi pale pale, kwa simu ya shemeji! Dada Mradi amefurahi kupita kiasi, eti mama wa watoto wanane na mama wa mtoto mmoja, picha nzuri kabisa. Hajui bado kama ni mtu na mkwewe.

Naogopa. Lakini mbona pia natamani kumsikia? Mama mkwe na kipaza sauti! Watu watapanda juu ya madirisha!

Jumatano, 12 Machi

Dada Mradi amenipa karatasi za kusoma nijiandae. Nimezisomea garini Mrefu akiendesha. Nikafika mahali nikamwambia asimamishe gari.

Imeandikwa hivi: ile gesi yetu. Ile tunayoiachia hewani kila tukifungua kiyoyozi cha zamani — tunalegeza nati, psssss, tunasubiri iishe tukipiga soga, tunajaza mpya. Eti kilo moja tu ya gesi ile inaipasha dunia joto kama gari linalozunguka mjini miezi kadhaa! Na sisi tunaachia ngapi kwa wiki? Mrefu akasema mbona haina hata moshi. Nikasema ndiyo hivyo hivyo. Tukatazamana kama wezi waliokutana dirishani.

Mimi ndiye wanayenichapisha kwenye fulana!

Nikamwendea Bosi. Nikamwambia kuna mashine ya kuinyonya gesi na kuihifadhi, wenzetu wengine wanazo. Akacheka mpaka akakaa chini. Ninunue mashine ya kukamata upepo? Kawaambie watu wazae kidogo, Mama Baridi, hiyo haihitaji mashine.

Nimekasirika! Hilo jina la Mama Baridi kwa kawaida nalipenda, leo lilinichoma. Nimeamua nitaisema hiyo gesi jukwaani, liwalo na liwe. Kwanza mama mkwe akiijua ataninyonyoa.

Jambo jingine. Leo harufu ya mafuta ya kompresa imenitibua tumbo. Mimi, niliyezoea kula chapati na mikono yenye mafuta hayo! Itakuwa joto.

Jumamosi, 15 Machi

Siyo joto.

Siyo joto!

Mistari miwili! Nimenunua kipimo duka la dawa la mbali, kule ambako hawanijui. Nikapima. Nikakiweka juu ya sinki, nikageuka ukutani kama tunavyocheza kombolela. Nikageuka tena. Miwili! Nikanunua kingine. Miwili! Nilishaacha hata kuhesabu mwezi, nilishajiambia basi, na sasa miwili!

Nilikimbia mpaka kinyozini. Hapana, sikukimbia. Nilitembea kama nimebeba mayai. Mume wangu alikuwa na mteja kitini. Sikusema neno. Nilisimama mlangoni tu nikamtazama, na yule mwanaume akazima mashine. Akaniangalia usoni, akaangalia mikono yangu, nilikuwa nimeishika tumboni bila kujua. Akacheka! Kwa sauti! Wateja waligeuka wote, hawajawahi kumsikia. Halafu akarudi kunyoa na akamtoboa yule mtu kipara katikati ya kichwa. Akamnyoa bure kichwa kizima.

Tumekubaliana: hatumwambii mtu. Si mama, si Kasuku, si jirani. Safari hii tumbo litajisemea lenyewe. Sitazunguka tena kuwaambia watu halipo.

Nina furaha mpaka vidole vinawasha!

Jumanne, 18 Machi

Nesi niliyemwendea Jumamosi ile ile jioni ni mtu mzima, mpole, anaongea kama anamlaza mtoto. Amepima, amesoma historia yangu, amesema mpaka sasa mambo ni mazuri. Nifanye kazi, nile, nicheke. Ila ngazi niiache kwa sasa. Nikamwambia daktari alisema ngazi haikuhusika. Akasema huenda ni kweli, lakini ukiwa juu utakuwa unaogopa, na hofu haimsaidii mtu yeyote. Nikampenda hapo hapo.

Basi nina mgongo. Ndivyo nilivyomwambia Mrefu. Tangu jana anapanda yeye, mimi nipo chini nampa vifaa na maelekezo. Ananiangalia kwa huruma, maskini, ameniletea na mkanda wa kufunga kiunoni. Juzi Jumapili mama mkwe naye alitaka nimpandie ile feni yake ya dari. Mgongo, mama. Mume wangu hakujitolea, na hakuna aliyemtegemea: yeye anaogopa urefu tangu utotoni, nyumbani hata balbu nabadilisha mimi. Feni imebaki kulia. Hatuzungumzi vizuri tangu ile vita, kwa hiyo mama mkwe hakuuliza zaidi.

Leo nimekwenda kwa Dada Mradi kujitoa. Nilishapanga maneno njiani: udhuru, familia, samahani sana. Nikafungua mlango — marobota ya fulana hadi dirishani! MMOJA ANATOSHA, DUNIA INA JOTO, herufi nyekundu, na chini yake kichoro cha mwanamke juu ya ngazi. Nimekaa juu ya robota moja.

Nikamwambia siwezi. Hakuniuliza kwa nini. Alinipa maji. Akasema nimsikilize dakika moja tu, nikitaka kuondoka baada ya hapo niondoke. Kile chumba cha uzazi wa mpango pale zahanati kimefungwa tangu mwaka jana. Wanawake wanarudishwa. Wengine wanaambiwa waende kwanza, warudi na waume zao. Mmoja ana watoto sita na moyo mbovu, amerudishwa mara mbili. Wakubwa wa mtaa watakuja Jumamosi kwa sababu ya mdahalo, na mradi wenyewe — hapo akacheka kidogo — ni kuwafanya wakifungue chumba.

Kumbe ndiyo hivyo! Sasa hiyo naiamini kwa moyo wote. Yule wa moyo mbovu aachiwe aamue.

Wakati natoka akasema kitu kingine, akiwa anakunja fulana. Kwamba yeye hana mtoto, na kila mkutano kuna mtu anayemwuliza. Anatamani angekuwa na jibu zuri kama langu. Nilitaka kumwambia ukweli wote palepale. Nikamwambia tutaonana Jumamosi.

Ijumaa, 21 Machi

Hotuba nimeiandika humu humu, kurasa za mwisho, nimefuta, nimeandika, nimefuta. Mume wangu leo mchana kafunga duka kwa muda anisikilize. Alikaa kitandani, mimi nimesimama mbele ya kabati nimeshika kitana badala ya kipaza sauti.

Ya kwanza ilikuwa na takwimu. Akapiga miayo kwa heshima. Ya pili ilikuwa ya vichekesho, akatabasamu. Ya tatu nikaitoa bila karatasi. Nikasema: ndugu zangu, hayo maneno kwenye fulana si uamuzi, ni kinga. Niliyasema ili mniache. Mwenye wanane mnamwuliza anawalisha nini, mwenye mmoja mnamwuliza anangoja nini, asiye naye mnamwuliza ana kasoro gani. Kifungueni kile chumba, mwanamke aingie peke yake, atoke na alichokitaka, na akikutana nanyi njiani mmwulize habari za asubuhi. Na kuhusu joto, tuanze na gesi ya karakana yetu.

Nilipomaliza akawa ameinama. Nikadhani kalala! Kumbe anafuta macho na taulo la wateja.

Akasema hiyo ndiyo. Nikamwambia lakini nikisema hivyo, mama yake ataelewa kwamba hatukuchagua. Watauliza yaliyopita. Na wakiuliza yaliyopita watanitazama tumbo, watu wanavyojua kutazama! Akasema basi sema ya vichekesho. Nikasema hapana. Akasema basi sema hii. Nikasema siwezi. Akavaa kofia yake akarudi kazini.

Kesho! Tumbo linaruka, na safari hii sijui ni woga au ni nani.

Jumamosi, 22 Machi — asubuhi

Nimevaa fulana. Inabana. Kasuku anasema nimependeza kama bango. Tunatoka!

Jumamosi — bado

Naandika nikiwa stoo ya ukumbi. Nimejifungia. Nimekalia ndoo iliyopinduliwa, mbele yangu kuna sanduku la swichi za umeme, na huko nje watu wananiita. Nimewaambia naangalia umeme kwanza. Naangalia, ndiyo. Naandika pia, la sivyo nitapasuka.

Kwanza mama mkwe. Mungu wangu, mama mkwe! Ukumbi umejaa hadi madirishani, wakubwa wa mtaa mstari wa mbele na viti vyao vyenye mito. Akapanda jukwaani polepole, akaishusha miwani puani, akasema hajui takwimu. Akasema: "Nimezaa wanane. Nyumba nzima tulikuwa na taa moja, na maji ya kuogea watatu ndiyo hayo hayo ya kufulia nguo. Huyu mkwe wangu nampenda, kazi yake safi. Lakini mwulizeni juzi alikuwa wapi. Nyumba ya watu wawili na mbwa, viyoyozi sita! Mbwa ana cha kwake! Sasa niambieni, nani kaichemsha hii dunia, mimi au huyo mbwa?"

Ukumbi ulipasuka! Watu walipiga viti! Mimi mwenyewe nilipiga makofi, nikasahau niko upande gani. Dada Mradi alikuwa ameshika kichwa: ndiyo kwanza anasikia "mkwe wangu".

Na hapo hapo, katikati ya makofi, kiyoyozi kikubwa cha juu ya jukwaa kikakohoa. Kikakohoa tena. Kikazima.

Joto lilituangukia kama mtu kafungua oveni. Mkubwa mmoja akaanza kujipepea na ratiba. Nikaona mwingine anatafuta mlango kwa macho. Wakiondoka, chumba cha zahanati kimekwenda nao! Bosi wangu akasimama katikati ya watu, fulana yangu kifuani mwake, akapaza sauti: tuna fundi hapa hapa! Mama Baridi! Waonyeshe! Mtunza ukumbi akaja na ngazi mbio mbio, ile ndefu, ya mbao, inayocheza miguu. Wakaanza kupiga makofi kwa mpigo. Pan-da! Pan-da! Kasuku naye amo, sauti yake naijua kati ya elfu!

Kosa lenyewe nalijua. Ni kile kikopo kidogo cha kuanzishia mota, kimekufa, nilikisikia kinavyokohoa. Ninacho kipya kwenye mkoba. Kazi ya kufumba na kufumbua. Nilishika ngazi. Niliweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Mbao ikalia, na mkono wangu wa kushoto ukaenda wenyewe tumboni.

Nikautoa mguu. Nikasema ni kikopo tu, kipya kimo mkobani, ila ngoja niangalie umeme, nikaingia humu.

Sasa nasikia kicheko huko nje. Kicheko kikubwa. Nachungulia tundu la ufunguo —

Ni mume wangu! Yuko mbele ya ngazi! Anamwambia Bosi atapanda yeye. Watu wanasema kinyozi anakwenda kukinyoa kiyoyozi! Ameshika kikopo changu na bisibisi, amevitoa kwenye mkoba. Anapanda. Amefumba macho! Mwanaume huyu anayeshikilia ukuta akisimama kwenye kiti! Kipandio cha pili. Cha tatu. Watu bado wanacheka. Hapo alipo hajui hata nati ipi ya kulegeza. Nimezima swichi ya kiyoyozi asipigwe na umeme, nimesema kwa sauti kupitia mlangoni: kifuniko kwanza, skrubu mbili za chini! Ameitikia "ndiyo, mke wangu" mbele ya umati mzima.

Nalia na kucheka. Karatasi inalowa.

Kuna mtu mmoja tu aliyeacha kucheka. Namwona. Mama mkwe amesimama pale jukwaani, anamtazama mwanawe juu ya ngazi. Sasa anageuza kichwa kuelekea mlango huu. Anashuka. Anakuja.

Amefika. Naona khanga yake kwenye tundu la ufunguo. Anaongea chinichini, mdomo wake uko kwenye ubao.

"Mwanangu. Yule nimemzaa mimi. Hata ule mti wa nyuma ya nyumba hajawahi kuupanda, kaka zake walimcheka mpaka wakachoka. Leo yuko juu."

Naendelea kuandika.

"Mgongo wako. Ile feni yangu." Anahema. "Na ile hewa. Hakukuwa na hewa yoyote, sivyo? Mlikuwa mnatafuta mtoto tu."

Huko mbele Dada Mradi ameshika kipaza sauti, anajitahidi kuwabakiza wakubwa. Anawaomba wasubiri kidogo tu. Anasema kiyoyozi kinatengenezwa, na anayefuata ndiye waliyemsubiri, mwanamke aliyechagua mtoto mmoja kwa ajili ya dunia yetu. Watu wanapiga makofi.

Mama mkwe bado yupo. Anasema hataki nimweleze kitu. Hataki neno hata moja, asije akashindwa kulinyamazia. Ila kama kipo kile anachokifikiria, nigonge mlango mara moja. Kama hakipo nikae kimya, na yeye atarudi jukwaani aendelee kunipinga.

Nimesimama. Naandika kwa mkono wa kulia, daftari nimeliegemeza kwenye sanduku la swichi. Nilijiapia simwambii mtu. Wa kushoto nimeshauinua, umekunja ngumi, uko karibu kabisa na ubao. Nasikia pumzi yake upande wa pili. Sasa ameibana, anasikiliza —